Baada ya sindano ya miezi tisa

Pekua kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto cha mtoto yeyote wa Kongowea, Mtongwe au Chaani, hapa Mombasa. Kurasa za chanjo zimejaa mihuri na saini: chanjo ya kuzaliwa, ya wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha surua na rubela ya miezi 9. Kwenye grafu ya uzito vitone vinapanda mwezi baada ya mwezi mpaka hapo, halafu kimya. Ungedhani mtoto amehama mji.

Hajahama. Mamake amehesabu sindano, akaona zimekwisha, akaacha kliniki. Hesabu yenyewe ina kasoro, kwa maana ipo ya miezi 18, dozi ya pili ya surua na rubela, inayosahaulika kuliko zote. Lakini hasara kubwa haiko kwenye sindano. Kati ya mwezi wa 9 na wa 24 ndipo mtoto anapotarajiwa kusimama, kutembea, kuitikia jina, kutaja vitu na kuunganisha maneno mawili. Uchelewaji mwingi hujitokeza hapo hapo, na hapo ndipo hakuna mtu wa afya anayemtazama. Anayemtazama ni bibi, na bibi ana jibu lake: "Atasema tu, babake naye alichelewa."

Mombasa ina huduma nyingi za mtoto mdogo kuliko watu wanavyodhani. Zimetawanyika tu, kila moja na ofisi yake na karatasi yake, na hakuna kibao kinachokwambia uanzie wapi. Tufuate umri wa mtoto.

Siku arobaini

Ada ya mzazi kukaa ndani siku 40 haina ubaya. Anapumzika, anakandwa, anapikiwa. Shida ni kwamba ratiba ya afya ina miadi mitatu ndani ya siku hizo hizo: saa 48 za kwanza, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha wiki ya 4 hadi ya 6. Ya kwanza humkuta mama bado hospitali, na ya mwisho huangukia karibu na kutoka arobaini. Ya katikati ndiyo inayopotea. Mama asipotoka, basi mtoto atoke: bibi au khalati ampeleke na kijitabu chake. Au aitwe nyumbani mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye mtaani wengi bado humwita CHV. Kila mmoja ana nyumba kama 100 anazozizungukia, na tangu 2023 wamepewa mkoba wa kazi wenye mizani, kipimajoto na utepe wa kupima mkono. Kama humjui wa kwenu, uliza zahanati iliyo karibu au mzee wa mtaa.

Jambo la kuangaliwa kwa makini wiki ya kwanza ni manjano. Watoto wengi wachanga hupata umanjano kidogo siku ya pili au ya tatu, nao huisha wenyewe. Ule wa hatari umeanza kabla mtoto hajatimiza saa 24, au umefika viganjani na nyayoni, au umekuja na mtoto aliyelegea asiyetaka kunyonya. Kwa ngozi nyeusi usitazame shavu. Msogeze dirishani mchana, tazama weupe wa jicho na fizi, kisha bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achia, uone rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Huku kwetu dawa ya kwanza ni kumwanika mtoto jua la asubuhi. Jua la uani haliwezi kushusha manjano makali, na saa zinazopotea pale uani ndizo ambazo bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, inapenya ubongoni. Ikishapenya, mtoto anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa ubongo unaovuruga mwendo wa viungo, maisha yake yote. Hospitali humweka chini ya taa za samawati, uchi, macho yamefunikwa. Akiwahishwa, mara nyingi siku chache zinatosha.

Wanja nao uachwe. Najua nitagombana na mabibi, lakini baadhi ya wanja una madini ya risasi, na jicho la mtoto mchanga hushika uchafu upesi.

Aliyezaliwa nyumbani ana mambo mawili ya kufanyiwa haraka. La kwanza ni BCG, chanjo ya kifua kikuu, na tone la kwanza la polio. Hilo tone hutolewa ndani ya wiki 2 za kwanza, basi usingoje arobaini iishe. La pili ni taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa hospitali huandikiwa pale pale, aliyezaliwa nyumbani huandikiwa na naibu wa chifu. Sheria inataka uzazi uandikishwe ndani ya miezi 6. Ukipitisha, unahesabiwa umechelewa na utadaiwa ushahidi zaidi. Kuhusu jina, sisi watu wa Pwani tuna ugonjwa wetu: kitambulisho cha baba kimeandikwa Mohamed, kijitabu Muhamad, taarifa ya kuzaliwa Mohammed. Herufi moja hiyo itakusimamisha kwenye bima, kwenye shule na kwenye kadi ya ulemavu ikihitajika. Soma kila herufi kabla karani hajapiga muhuri.

"Rudi Alhamisi"

Malalamiko makubwa ya kina mama ni kupanga foleni tangu saa moja asubuhi, kisha kuambiwa warudi siku nyingine. Mara nyingi si dharau ya nesi. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20, cha surua na rubela kina 10, na kikishachanganywa na maji yake hakitumiki baada ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo vituo vingi hukusanya watoto siku maalumu. Dawa ni kuuliza mapema, ukiwa bado kwenye foleni ya wiki 14: "Surua hapa mnachoma siku gani?" Iandike siku hiyo kwa kalamu kwenye jalada la kijitabu. Mama wa Likoni anayevuka feri na mtoto mgongoni ili kufuata kituo cha kisiwani, wakati angechanjwa ng'ambo ile ile, anajiongezea kazi bure.

Uzito ndio kipimo kinachofanywa ovyo kuliko vyote. Mtoto apimwe na nguo nyepesi kabisa au bila nguo. Nepi iliyolowa inaweza kuongeza gramu mia kadhaa, na kwa mtoto wa miezi 7 hiyo ndiyo nyongeza ya mwezi mzima. Mizani ya kuning'iniza irudishwe kwenye sifuri baada ya kuvalishwa ile suruali yake, kabla mtoto hajatiwa. Kisha hakikisha nesi anatia kitone kwenye grafu, asiandike namba tu. Namba peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni mwelekeo wa mstari: ukilala miezi 2 mfululizo, mtoto ana jambo, hata kama bado anaonekana mnene kwa macho ya jirani. Mstari ukishuka, usiondoke bila kuulizwa anakula nini.

Utepe wa mkono ni wa miezi 6 hadi 59. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, utapiamlo wa wastani. Chini ya 11.5 ni nyekundu, huyo anapelekwa siku hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni kukaza utepe mpaka nyama ibonyee. Unapata nyekundu isiyo ya kweli, au ukiulegeza unapata kijani cha uongo. Miguu ikivimba pande zote mbili na kidole kikaacha shimo ukibonyeza, usihangaike na utepe. Hiyo peke yake ni dalili ya utapiamlo mkali.

Mtoto wa nyekundu mwenye hamu ya kula hupewa zile pakiti za siagi ya karanga zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 92 kila moja. Pakiti hizo ni dawa. Zikigawanywa kwa ndugu watatu, mgonjwa hapati dozi, na wiki inayofuata uzito haujapanda na kila mtu anashangaa.

Vitamini A huanza miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6 hadi miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Hizi nazo ni sababu za kurudi kliniki hata kama hakuna sindano.

Chakula nitakipitia kwa ufupi. Maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha vijiko 2 au 3 vya chakula kizito mara 2 hadi 3 kwa siku, ukipanda hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4. Mwaka 1 hadi 2, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kosa la Mombasa ni uji mwepesi. Uji unaomiminika kama chai unajaza tumbo bila kushibisha. Ukiinamisha kijiko, ubaki umekaa. Tia tui zito la nazi, karanga zilizosagwa au dagaa waliopondwa. Mbaazi zilizochujwa maganda na mchicha haviuzwi ghali Kongowea.

Mtoto akichelewa

Watoto hawalingani, ni kweli. Ila kuna mipaka ambayo ukiivuka usingoje tena:

Shingo haijakaza miezi 4. Hakai bila kushikwa miezi 9. Haitikii jina wala haonyeshi kitu kwa kidole akiwa na mwaka 1. Hatembei miezi 18, au miezi 18 hana neno lenye maana. Miaka 2 haunganishi maneno mawili. Ongeza na hizi ambazo wazazi huziona ni sifa: anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka 1 ("huyu atakuwa wa kushoto"), au anakaza miguu ikapishana kama mkasi ukimbeba ("ana nguvu huyu"). Na umri wowote ule, mtoto aliyekuwa akisema au akikaa kisha akaacha, huyo apelekwe wiki hiyo hiyo.

Nyumba nyingi za hapa zina lugha mbili tatu. Mama anamsemesha Kigiriama, jirani Kiswahili, katuni Kiingereza. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto. Hesabu maneno yote ya lugha zote pamoja. Akisema "madzi" na "mpira" ana maneno mawili. Simu ndiyo humnyima maneno, kwa sababu haimjibu.

Mtoto asiyesema hupimwa masikio kwanza. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Watu hukimbilia kutafuta mtaalamu wa matamshi, na wao ni wachache, kumbe mtoto ana nta iliyoziba au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanayokuja na kwenda na kila mafua. Kupiga sufuria nyuma yake akageuka si kipimo. Mtoto anaweza kusikia kishindo cha sufuria na asisikie "s" na "f". Omba rufaa ya kliniki ya masikio katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani, Makadara, na useme wazi: "Nataka apimwe kusikia," maana ukisema "sikio" tu utapewa matone na kurudishwa nyumbani.

Kwa mtoto mwenye viungo vilivyokaza au vilivyolegea, anzia hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, Likoni, Tudor au Port Reitz, uulize idara ya mazoezi ya viungo na siku ya watoto. Wengi huacha baada ya mara 3 au 4 kwa sababu "hakuna kinachobadilika". Nusu saa kwa wiki na mtaalamu haiwezi kubadilisha kitu. Kazi yake ni kumfundisha mlezi, na mazoezi yenyewe yanafanywa nyumbani mara nne tano kwa siku, wakati wa kuogeshwa, kubadilishwa na kulishwa. Mwombe akuonyeshe, kisha ufanye wewe mbele yake huku akikusahihisha. Umrekodi kwa simu ukiruhusiwa. Jambo la kwanza la kufundishwa liwe kulisha: mtoto mwenye mtindio wa ubongo halishwi amelala chali. Akae wima, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani, kijiko kije kutoka mbele na si kutoka juu. Akilishwa amelala, chakula hupita njia ya hewa, na ile "nimonia inayorudi rudi" mara nyingi inatoka kwenye kijiko. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti cha kona cha mbao chenye mkanda, kwa vipimo atakavyoandika mtaalamu.

Mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa ni habari njema kuliko zote humu, ukiwahiwa. Mguu hunyooshwa kwa mkono kidogo kidogo, ukafungwa plasta, plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino mwishoni, kwa upasuaji mdogo. Kila unapofungwa plasta tazama vidole: vikiwa vya baridi, vyeupe au vya samawati, rudi siku hiyo. Kisha ndio sehemu wanayoharibu watu. Mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi miaka 4 au 5. Mguu unaonekana umenyooka kabisa, mtoto analia usiku, viatu vinatupwa chini ya kitanda. Baada ya miezi kadhaa mguu umerudi ulipokuwa, na safari inaanza upya kwa mguu mgumu zaidi.

Dege nalo lisemwe. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko mdomoni wala usimmiminie kitu. Tazama saa. Ikipita dakika 5, ni hospitali moja kwa moja. Kisomo kinaweza kufuata baadaye, hakuna anayekikataza.

Karatasi

Kituo cha tathmini ya elimu, wanachokiita EARC, kiko chini ya Wizara ya Elimu. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984. Wengi hudhani ni vya mtoto aliyefika umri wa shule, kumbe mtoto mchanga anapokelewa. Nenda na kijitabu, cheti cha kuzaliwa na barua zote za hospitali. Watampima kuona, kusikia, viungo na kuelewa, kisha wataandika ripoti ya mahali anapofaa: shule ya kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu kama ile ya Port Reitz ya ulemavu wa viungo, ya wasioona Likoni au ya viziwi Ziwani. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kituo chenu kiko wapi. Bila ripoti hiyo, mwalimu mkuu hana pa kuanzia, na utazungushwa.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu ni jambo tofauti. Huanza kwa tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, fomu ikajazwa na kupigwa muhuri, kisha ndipo usajili. Tathmini nyingi zina siku yake maalumu, kwa hiyo piga simu au pita mapema. Watu huchanganya kadi hii na Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya maskini. Kadi haikuletei zile shilingi 2,000 za kila mwezi. Hizo ni za kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali, na nyumba lazima iorodheshwe kupitia ofisi ya ustawi wa jamii na chifu wakati wa usajili. Vifaa vya kutembelea, uliza pia shirika la APDK, lile lenye karakana za Bombolulu. Wako kwenye kazi hii nchini tangu 1958.

Kwenye bima ya afya ya serikali, SHA imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Usajili ni kwa *147#. Mzazi akijisajili bila kumwongeza mtoto kama mtegemezi, mtoto hayumo, na hilo hugunduliwa usiku wa dharura.

Chekechea, PP1 na PP2, ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa watoto wa miaka 4 na 5. Pwani ina mapokeo yake hapa: mpango wa chekechea za madrasa, unaounganisha Kurani na michezo ya kujifunza, ulianzia Mombasa miaka ya 1980 kabla ya kufika Zanzibar na Uganda, na vifaa vyake vingi vilikuwa vifuu, kokwa, makopo na vitambaa. Ukichagua chekechea, usivutiwe na sare. Tazama kama watoto wa miaka 4 wanacheza au wamepangwa safu wakinakili herufi.

Mtoto anayepigwa, kuachwa peke yake au kuguswa vibaya: namba 116, bila malipo, au afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Usianze kwa kikao cha ukoo.

Mwisho, rufaa. Watoto wengi hupotea kati ya meza moja na nyingine. Kabla hujatoka na ile karatasi, iwe na mambo manne: jina la idara (si la hospitali tu), siku ya kliniki yake, anachotakiwa kupimwa, na namba ya simu ya kituo kilichokutuma. Piga picha kila ukurasa, umtumie pia mtu mwingine wa nyumbani, kwa maana simu za Mombasa zina tabia ya kubaki kwenye tuktuk. Na kijitabu kikipotea usinunue kipya ukajaza kwa kumbukumbu. Rudi kituo kile kile ulichochanjia ukiwa na tarehe ya kuzaliwa na jina kama lilivyoandikwa siku ya kwanza. Rejista yao kubwa ina tarehe za chanjo, na nesi atazinakili kutoka humo.